MNAULIZA KILA SIKU: Parachuti Bei Gani, na Ukienda Kuruka Nchi Nyingine Uibebe au Ukodi?

Haya ndugu zangu, habari za huko. Video hii sikuipanga. Naifanya kwa sababu kila nikiweka picha ya angani, chini yake maswali ni yale yale: "Kaka, hiyo parachuti ni shilingi ngapi?" "Nikija huko nije na yangu au nitakodi?" Halafu wapo wanaoandika kwamba natamba, eti watu nyumbani wanatafuta unga na mimi nataja bei ya parachuti. Nikigusia gharama na viza, hao hao wanasema nalalamika. Basi leo nasema yote, bei na makaratasi, kila mtu achukue linalomfaa. Kuruka ukiwa umefungwa kifuani kwa mwalimu mnakujua, sikugusi. Nazungumza na mwenye leseni ya kuruka peke yake au anayeitafuta. Na nasema kwa hali ya mtu mwenye pasipoti ya Kenya anayeishi Uingereza. Wewe wa Muscat au Toronto, mambo yako yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Tuanze na pesa. Seti kamili ni vitu vinne: mkoba wenye mikanda ya mwilini, parachuti kuu, parachuti ya akiba, na kile kifaa kinachofungua akiba chenyewe ukishindwa, ambacho sote tunakiita AAD. Vikiwa vipya, mkoba ni dola 3,000 kwenda juu, parachuti kuu karibu 3,000, akiba kati ya 1,500 na 2,000, AAD kati ya 1,200 na 1,500. Kofia, altimita (kipima kimo) na suti bado. Ukiwa Uingereza ukaagiza Marekani, mzigo ukifika unadaiwa VAT ya asilimia 20 juu yake. Na mkoba mpya hushonwa kwa vipimo vyako, kwa hiyo unalipa leo unasubiri miezi. Seti iliyotumika, ya kueleweka, hupatikana kwa dola 3,000 hadi 5,000. Kwa mtu anayeanza mimi nasema chukua iliyotumika, kwa sababu saizi utakayoanza nayo hutakaa nayo.

Saizi yenyewe sasa. Nyingi ya jumbe ninazopata ni "kaka nimepata 150 bei nzuri, ninunue?" Hiyo 150 ni futi za mraba za kitambaa, na siwezi kukujibu bila uzito wako. Chukua kilo zako, ongeza kilo 11 za vifaa na nguo, zidisha kwa 2.2 upate ratili, kisha gawanya kwa futi za mraba za parachuti, ujue kila futi inabeba ratili ngapi. Mtu wa kilo 70 anafika ratili 178. Akiruka na ya 190 anapata 0.94, yuko salama kwa kuanzia. Mtu wa kilo 90 anafika 222, na 190 hiyo hiyo inampa 1.17. Huyo atafute 230. Mwenye leseni ya A, ile ya kwanza kabisa, asivuke 1.0. Na dada zangu wembamba, msidanganywe na hesabu peke yake. Wa kilo 52 akiruka na ya 150 anapata 0.92, anaona yuko ndani ya mpaka, lakini parachuti ndogo ina kamba fupi, inageuka haraka na kupoteza kimo kingi kwenye kona hata kama hesabu inalingana na ya mtu mzito. Kwake yeye 170 ni bora. Ukija kupunguza saizi, punguza saizi tu. Usibadilishe na aina ya parachuti siku hiyo hiyo.

Akiba nayo watu wanaidharau. Wanakuta mkoba mzuri, mdogo, ndani yake akiba ya 113, wanasema "si ya dharura tu?" Fikiria AAD inafanya kazi lini. Cypres ya kawaida, ambayo ni aina moja ya AAD, inakata kitanzi kinachofunga akiba ukiwa bado unaanguka zaidi ya mita 35 kwa sekunde karibu na mita 225 juu ya ardhi. Mtu aliyefika hapo bila kuvuta chochote huenda amezimia. Atatua bila kushika breki, zile kamba za mkononi za kupunguza kasi, popote, akiwa na uzito wake wote chini ya hiyo 113. Ukigawanya uzito wako kwa saizi ya akiba ukaona 1.5, acha mkoba huo hata kama rangi zake zimekupendeza.

Kabla hujalipa seti iliyotumika, omba picha za vibao vyenye namba na tarehe ya kutengenezwa: mkoba, kuu, akiba, AAD. AAD ina umri. Cypres za zamani zilipewa miaka 12 na nusu, za sasa 15 na nusu, na aina nyingine, Vigil, miaka 20. Ikiwa imebakiza miaka miwili, toa thamani hiyo kwenye bei, maana utanunua nyingine karibuni. Omba kadi ya akiba, ile ndogo inayokaa mfukoni mwa mkoba. Humo mna saini ya riga, yaani fundi mwenye kibali cha kufungasha akiba, kila ilipofungashwa. Kampuni ya parachuti ya Performance Designs wanataka akiba zao zirudi kiwandani zikishafungashwa mara 40 au zikitumika mara 25. Muuzaji asiye na kadi, mwache na mzigo wake.

Kisha kamba. Za nyuzi za Spectra husinyaa kwa joto la slaida (kile kitambaa kinachoteleza juu ya kamba parachuti ikifunguka) ikishuka kwa kasi, na zinazoumia zaidi ni za nje na za breki. Dalili ni hii: umeachia breki zote, mikono iko juu kabisa, lakini ukingo wa nyuma wa parachuti bado umevutwa chini, na parachuti inaruka taratibu, inashtuka-shtuka. Ukija kuvuta breki za kutua, nguvu hakuna. Za nyuzi aina ya HMA na Vectran hazisinyai hivyo, zinachanika nyuzi na kukatika, kwa hiyo zinaangaliwa kwa macho na vidole, hasa kamba za breki mahali zinapopita kwenye pete. Seti mpya ya kamba ni dola 300 au 400 pamoja na ufundi. Vilevile vuta kamba ya ndani ya parachuti ndogo, ile unayoirusha kwa mkono kufungulia. Nayo husinyaa, na ikisinyaa, hata ukiitega sawasawa haijai upepo wote. Unairusha, inakokotwa nyuma yako, mkoba haufunguki. Na kitanzi cha kufungia mkoba kikiwa na manyoya, kibadilishe. Ni uzi wa bei ndogo sana, na ukikatika ndani ya mlango wa ndege unahatarisha watu wote mle ndani.

Mkoba nao ulingane na vilivyomo. Ulioshonewa 170 usiubane 190 kwa nguvu, kwa sababu mfuko wenye parachuti kuu unatoka kwa shida wakati wa kufunguka. Na ukiweka 135 ndani yake, kitanzi kinalegea, pini inayokishika haina mkazo, mkoba unaweza kufunguka kabla hujataka. Mikanda ipimwe mwilini. Urefu wa mkanda mkuu wa ubavuni usipokufaa, mikanda ya kifuani na mapajani haitarekebisha, na mpini wa akiba utapanda au kushuka mahali mkono wako haujauzoea. Riga akague kabla ya pesa kutoka. Muuzaji akikataa kupeleka kwa riga, mmemalizana.

Sasa kusafiri. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na mniruhusu. Mzungu wa Uingereza akiamua leo kwenda kuruka Empuriabrava kule Hispania, ananunua tiketi. Wewe una kibali cha kuishi Uingereza, unalipa kodi, lakini pasipoti ni ya Kenya au Tanzania, basi unahitaji viza ya Schengen. Ni euro 90 tangu Juni 2024, bado ada ya wakala wa kupokea maombi, bado kuwinda nafasi ya miadi usiku wa manane. Ofisi moja ya wakala ilinirudishia karatasi za bima kwa sababu ya tarehe tu, na miadi mingine ikawa wiki kadhaa mbele. Ada ya kuomba viza ya Marekani ya B1/B2, ile ya matembezi na biashara, ni dola 185, na hairudishwi ukinyimwa. Kwa hiyo usilipie uwanja wa kuruka, tiketi wala hoteli isiyorudisha pesa kabla pasipoti haijarudi mkononi.

Na bima hiyo, sikilizeni vizuri. Schengen wanadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Unanunua ya bei rahisi, viza inatoka, unafurahi. Soma masharti: bima nyingi za safari hazigusi kuruka na parachuti, au zinaruhusu mara moja tu na mwalimu. Umetimiza karatasi ya ubalozi, ila mguu ukivunjika uwanjani hospitali utailipa mwenyewe. Nunua inayotaja mchezo huu kwa jina lake. Bima ya tatu ni ile ya kulipa mali ya mtu ukimtulia juu ya gari au shambani. Viwanja vingi vya Ulaya vitaiulizia mezani. Uanachama wa USPA, chama cha waruka parachuti wa Marekani, unakuja na ya aina hiyo. Wa vyama vingine, uliza chama chako kama inafika nchi unayokwenda.

Leseni nazo hazilingani. A ya Marekani ni miruko 25, wakati Uingereza unaweza kuipata kwa 18. Ukitoka huku na 18 zako, andika barua pepe mapema uulize watakupokea kama nani. Uliza pia tarehe ya akiba kufungashwa wanaihesabu kwa sheria ya nchi gani. Marekani akiba hufungashwa upya kila siku 180, Ujerumani ni mwaka. Meneja wa uwanja ndiye mwenye neno la mwisho, na hata ukiwa na haki kisheria anaweza kukwambia ukodi. Watu wanadhani ugumu wa mchezo huu uko mlangoni mwa ndege. Wengi wanaozuiwa, wanazuiwa pale mezani kwa sababu ya tarehe.

Kubeba au kukodi? Fanya hesabu. Kukodi ni karibu dola 30 kwa mruko. Miruko mitano kwa siku, siku tano, ni dola 750. Kwa hapo kubeba yako kuna maana. Ukienda kuruka mara sita tu, kodi, upumzishe mgongo. Ila ukikodi, taja uzito wako na saizi uliyozoea kabla hujafika, na omba mpini wa kukata parachuti kuu ikiharibika na wa akiba uwe wa aina unayoijua.

Ukibeba, ibebe mkononi, usiiweke kwenye mizigo ya chini. Seti ya 190 ni karibu kilo 10 au 11, na mashirika mengi ya bei rahisi yanaishia kilo 10, kwa hiyo altimita na suti vihamishie kwingine. Kisu cha kukatia kamba kiende mizigo ya chini. AAD izime. Beba ile kadi ya Cypres yenye picha ya eksirei, na mlangoni sema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba hii ni parachuti ya michezo. Marekani, TSA, wale wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, wanashauri uongeze nusu saa, na wakitaka kuufungua mkoba una haki ya kuwepo na kusaidia. Usimwache mtu avute mpini mwekundu au wa chuma. Akiba ikitoka, huruki mpaka riga aifungashe, na hiyo ni dola 70 au 100.

Umefika. Washa AAD ukiwa pale uwanjani, si hotelini. Inajipangia sifuri mahali ilipowashwa. Hoteli ikiwa mlimani na uwanja bondeni, itadhani ardhi iko juu zaidi ya ilipo. Ukitua mbali ukarudishwa kwa gari, zima, washa tena. Uliza kama wanaongea kwa mita au futi. Ukiambiwa fungua mita 1,200 na altimita yako ni ya futi, hiyo ni karibu 4,000. Omba picha ya uwanja kutoka juu, uonyeshwe pa kutulia wageni, upande wa kugeukia, na mahali pa dharura ukikosa uwanja. Ukikaa siku 60 bila kuruka na una A, Marekani watakutaka urudi kwanza na mwalimu, na wako sahihi.

Kimo cha uwanja kinabadilisha parachuti yako. Penye futi 5,000 juu ya bahari, kama Longmont kule Colorado, kasi yako ya kutua inaongezeka karibu asilimia 8, na joto linaongeza tena. Aliyefundishwa Diani, pale usawa wa bahari, akienda huko na parachuti ile ile ataona ardhi inakuja upesi. Asipunguze saizi kabla ya safari hiyo. Na Diani nimeitaja kwa sababu mnaniuliza kama lazima mtu aje Ulaya kuanza. Si lazima, uwanja upo hapo Diani, Kwale, na hewa ya futi 13,000 huko inakupa baridi kiasi, si ile ya huku Februari inayoganda vidole ukashindwa kuhisi mpini bila glavu nyembamba.

Wanaotaka niwapigie hesabu, andikeni hapo chini uzito wenu kwa kilo, idadi ya miruko, na saizi mnayorukia sasa. Anayeuziwa mkoba, anitumie picha ya kadi ya akiba na kibao cha AAD, si picha ya rangi.