Mbwa Wako na Midomo ya Watu

(Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa, Mbeya mjini)

Wazee wangu, shikamooni. Wenyeji wa hapa, mwagonile. Na mliopanda basi kutoka Iringa na Njombe, kamwene. Vijana wa huko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na leo hakuna mbwa humu ndani.

Nimeombwa nizungumzie namna mwenye mbwa anavyoweza kuishi na ushauri ambao hakuuomba. Ukitoka na mbwa Soweto hadi Mwanjelwa asubuhi moja tu, utafika ukiwa umeshapewa dawa ya minyoo, dawa ya ukali, bei ya mbwa na hukumu ya mbegu yake. Sitawaambia mzibe masikio. Mimi huuliza swali moja: maneno haya yataishia wapi? Yakiishia masikioni mwangu, yapite. Yakielekea kwenye mdomo au ngozi ya mbwa, nasimama niyachunguze. Na yakitoka kwa mtu mwenye hofu, namsogeza mbwa kwanza, mjadala baadaye.

Tuanze na ya mdomo na ngozi, maana hayo ndiyo yanayoua.

Mbwa akinyonyoka manyoya, mpita njia wa kwanza atakwambia umpake oili chafu ya gari. Kila mtaa una mtu aliyeiona ikiponya. Oili huziba ngozi, wadudu wengine hufa kweli, ndiyo maana sifa haiishi. Lakini oili iliyokwisha kutumika ina mabaki ya petroli na madini mazito kutoka kwenye injini, nayo huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kisha mbwa anajilamba. Akiimeza inamharibu tumbo na ini. Akiitapika, sehemu yake inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo unapambana na nimonia. Kama jirani ameshampaka, tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, sugua, suuza, rudia mpaka utelezi uishe. Usitumie mafuta ya taa kuiondoa, na usimlazimishe kutapika. Mfunike gunia kavu baada ya hapo, hasa mwezi Juni na Julai, maana baridi ya Uyole haina huruma kwa mbwa aliyelowa.

Na kwa nini tusikimbilie kupaka chochote? Kwa sababu ukurutu una vyanzo tofauti. Upo unaoletwa na utitiri unaochimba ngozi, unawasha mno, na unaweza kuwawasha hata watoto wa nyumbani. Upo wa utitiri mwingine unaokaa kwenye vinyweleo; huu mara nyingi huanza usoni na miguuni kwa mbwa mdogo na hauambukizi watu. Wapo kupe na viroboto, zipo fangasi. Daktari wa mifugo anakwangua ngozi kwa kisu kidogo mpaka damu itokeze kidogo, anaweka kwenye darubini, anajua anatibu nini. Ni kazi ya dakika chache.

Ushauri wa pili wa hatari una sura ya kitaalamu zaidi. Mtu mwenye ng'ombe anakwambia: "Mchome ivermektini, ng'ombe wangu wote nawachoma." Hiyo ni dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Sasa angalia mbwa wa kilo 20 akivutiwa mililita 1 kwa kukadiria tu: amepata mikrogramu 500 kwa kila kilo ya mwili wake. Kipimo cha kumkinga mbwa dhidi ya minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 tu kwa kilo. Umezidisha zaidi ya mara 80. Daktari anaweza kupandisha kipimo kwa mbwa mwenye utitiri, lakini huanza chini na kupanda akimwangalia.

Na hapa ndipo mbegu ya mbwa ina maana ya kweli. Collie wengi, baadhi ya German Shepherd, na chotara wao, wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa wa namna hiyo anayumba, mboni zinapanuka, anatoa mate, haoni, anatetemeka, anazimia. Inachekesha na inasikitisha: njiani utaulizwa mara ishirini kama mbwa wako anauma, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza kama babu yake alikuwa Collie.

Tatu ni mahindi. Nyanda za Juu Kusini tunalisha nchi, kwa hiyo kila ghala lina magunzi na punje zilizoota ukungu, na mtu mwema atakwambia, "Usitupe, mpe mbwa, tumbo la mbwa halichagui." Linachagua. Ukungu wa kijani au wa njano kwenye punje unaweza kuwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Kupika ugali hakuiondoi; sumu hiyo inastahimili moto wa jikoni. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, weupe wa macho na fizi kugeuka manjano, kinyesi cheusi, damu puani. Ini likifika hapo, dawa ya kuigeuza sumu haipo. Daktari anasaidia tu mwili upambane. Mahindi ambayo hungempa mtoto wako, usimpe mbwa wala kuku. Fukia.

Machicha ya pombe na ulanzi uliobaki nayo yaacheni huko huko kilabuni, kilevi kinamfikia mbwa kwa haraka kuliko mtu. Parachichi, kwa kuwa watu wa Rungwe na Njombe mtaniuliza: nyama yake kidogo haimuui mbwa kama inavyosemwa. Tatizo ni kokwa, linakwama kooni au kwenye utumbo, na yule anayeokota yaliyodondoka shambani kutwa nzima ataugua kwa wingi wa mafuta.

Kwa wale wa Idodi na Pawaga, karibu na hifadhi ya Ruaha, kuna hili la jicho jeupe. Mbwa anarudi kutoka porini, baada ya muda jicho linaingia ukungu kama maziwa, na anatokea mtaalamu wa kijiweni anashauri kupuliza sukari au chumvi. Huko kuna mbung'o, na ugonjwa wanaoueneza humfanya mbwa apate homa, apungukiwe damu, na jicho lifunge ukungu. Jicho ni dalili, ugonjwa uko kwenye damu. Chukua kipimo cha damu, acha sukari kwenye chai.

Sasa tuje kwenye ukali, mada inayopendwa. "Mpe pilipili." "Mfungie gizani wiki nzima." "Fungua mdomo, kaakaa likiwa jeusi huyo ni mkali." Weusi wa kaakaa ni rangi ya ngozi tu, kama weusi wa pua. Pilipili inaunguza utumbo, na mbwa mwenye maumivu anauma anayemkaribia, ambaye kwa kawaida ni mtoto anayemletea chakula. Giza linazaa mbwa mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kuchagua: hatofautishi mwizi na shangazi aliyekuja kusalimia. Mbwa mlinzi mzuri anabweka mapema na anatulia mwenyeji akitokea. Hilo linajengwa utotoni, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14, kwa kumzoesha watu, bodaboda, miavuli, watoto wanaokimbia.

Kuhusu mbegu zenyewe, nadhani tunadanganywa na majina. German Shepherd anayeogopwa kila geti ni mbegu iliyoanza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, na kazi yake ya asili ilikuwa kuchunga kondoo. Isitoshe, wengi wanaouzwa mitaani kwa jina hilo ni chotara wenye masikio yaliyosimama. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, uligundua kwamba mbegu inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kinachobaki ni mbwa mwenyewe na alivyolelewa. Lakini tusiende upande wa pili tukasema wote ni sawa. Rottweiler au Boerboel akiuma, jeraha lake si la mbwa wa kienyeji wa kilo 15. Mwenye mbwa mkubwa ana mzigo mkubwa zaidi wa kamba na geti, hata kama mbwa wake ni mpole.

Na huyo wa kienyeji, tunayemdharau kwa kumwita koko, akipata chanjo, dawa ya minyoo na dagaa juu ya ugali wake, analinda nyumba vizuri tu. Anayekwambia "huyo si mbwa, tafuta wa kizungu" mara nyingi ana watoto wa mbwa wa kuuza. (Kicheko.)

Sasa njiani unafanya nini? Tumia kamba ya mita 1.5 hadi 2, si mnyororo wa mita tano unaoburuzika. Ukiona mtu mbele, toka pembeni mapema, hatua nne au tano, mbwa akae upande wa mbali na yule mtu, nawe uendelee kutembea. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuivuta kamba ikakaza. Kamba ikikaza shingoni, mbwa anaelewa kuna jambo mbele, anabweka, na yule mtu anasema, "Si nilisema huyu ni mkali?" Ishike fupi, lakini ilegee.

Mtu mwenye hofu usimwambie "haumi". Hajakuomba historia ya mbwa. Mwambie, "Pita tu mama, nimemshika." Muislamu anayejiepusha na mate ya mbwa analinda twahara yake kwa ajili ya swala, mpishe njia kwa adabu, hakuna ugomvi hapo. Mzee akikupa dawa ya oili chafu, usibishane naye mbele za watu: "Shikamoo mzee. Asante, nitamuuliza na daktari wa mifugo." Basi, umeondoka. Kijana anayemzomea au kumtupia mbwa jiwe, usisimame kumfundisha. Ondoa mbwa, maana mbwa akimrarua suruali kesi ni yako. Mtoto akitaka kumshika, asimame ubavu, asiiname juu ya mbwa, mbwa amfuate mwenyewe, kisha amkune kifuani kwa sekunde tatu na kuacha. Mbwa akigeuza kichwa, akijilamba midomo, au mwili ukikakamaa hata kama mkia unatikisika, mwisho hapo.

Wapo pia wanaosema "mwache jike azae mara moja ndipo atulie", au wanaotaka dume lako likapande jike lao bure. Jike halihitaji kuzaa ili liwe na afya. Na kupandana ovyo kunaeneza uvimbe wa sehemu za siri unaotoka damu, ambao matibabu yake ni sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa.

Nimeacha kichaa cha mbwa mwisho kwa sababu hapo mpita njia ana haki ya kukuhoji. Akikuuliza, "Amechanjwa?" usinune. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, wa kizungu na wa kienyeji, wa ndani na wa geti. Chanjo haipunguzi ukali wala haimzuii kuuma. Hakikisha imetoka kwenye jokofu au kibaridi chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, maana iliyozunguka juani kwenye mfuko wa bodaboda ni maji tu. Kadi iwe na tarehe, namba ya toleo la chanjo na saini. Ipige picha, ikae kwenye simu. Kadi hiyo hunyamazisha mabishano mengi kuliko maelezo yoyote kuhusu mbegu.

Swali limeletwa kwenye karatasi: "Mbwa ameuma mtu, majirani wanataka auawe papo hapo. Nifanye nini?"

Kwanza aliyeumwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa naye, kama anaweza kufungwa salama, afungwe kwa siku 10, umjulishe ofisa mifugo wa kata. Akifika siku ya kumi mzima, ina maana alipouma mate yake hayakuwa na virusi, na daktari wa hospitali anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Waelezeni majirani kwamba wakimuua wanamnyima aliyeumwa jibu hilo. Kama ameshauawa, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo kinafanyika kwenye ubongo. Msikishike kwa mikono mitupu. Mwite ofisa mifugo achukue sampuli. Mzoga ukae kivulini, mbali na watoto na mbwa wengine, mpaka afike.