Tingatinga Ndani ya Kioo cha Simu

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia michoro ya Tingatinga, ambayo siku hizi wengi wetu huiona kwenye simu kabla ya kuiona ukutani. Kaka Hamisi, wewe unashikilia kwamba mchoro ukishapigwa picha huwa umepoteza kitu. Kitu gani hasa?

HAMISI: Mng'ao, dada. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina ile ile inayopakwa baiskeli. Ukisimama mbele ya mchoro wa namna hiyo pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kisha ukasogea hatua moja kushoto, mng'ao nao unahama, na kwenye madoa ya chui unaona mahali brashi ilipoinuliwa. Simu hunasa mwanga wa upande mmoja tu, kisha programu hulipunguza faili.

MWANAIDI: Hulipunguzaje?

HAMISI: Kiwango cha JPEG, yaani utaratibu wa kuhifadhi picha katika faili dogo, kilichopitishwa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli (nukta za picha) 8 kwa 8, na kutupa yale ambayo jicho la binadamu haliyatambui sana. Kwa kuwa jicho hutambua tofauti za mwanga na giza vizuri kuliko tofauti ndogo za rangi, mara nyingi taarifa za rangi ndizo zinazopunguzwa zaidi. Matokeo yake, pale ambapo nyekundu kali inapakana na buluu, ukingo uliochorwa kwa mkono usiotetereka unaonekana kana kwamba rangi zimevujiana.

MWANAIDI: Hilo nimelielewa, ila halininyimi usingizi. Linalozungumzwa zaidi ni akili mnemba. Wapo wanaouliza: Tingatinga ni sanaa iliyokua kwa kunakiliana, sasa mashine ikinakili kuna ubaya gani?

HAMISI: Wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga mwenyewe, wengi wao ndugu zake, walijifunza wakiwa wamekaa naye. Alipofariki mwaka 1972 waliendeleza kazi, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikaundwa. Kijana aliyenakili twiga wa mwalimu wake alijulikana ni wa nani, na kazi ilipouzwa riziki ilibaki kwao. Lakini Stable Diffusion, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha kutokana na maneno, iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa picha kutoka LAION-5B, mkusanyiko wa jozi zaidi ya bilioni 5 za picha na maelezo, zilizookotwa kwenye intaneti bila wenyewe kuulizwa.

MWANAIDI: Mimi ningeanzia nyumbani. Tazama wauzaji wetu mtandaoni: picha inakatwa iwe mraba, na kona ya chini yenye sahihi ya mchoraji inaondoka, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mchoraji haki ya kutajwa. Hapo hakuna mashine ya kulaumiwa.

HAMISI: Hapo umenibana, dada. Basi muuzaji aache sahihi ionekane, na jina aliandike juu ya picha yenyewe, kwa sababu taarifa zilizofichwa ndani ya faili hufutwa picha inapotumwa kwa WhatsApp.

MWANAIDI: Na bei aiweke hapo hapo, tusiambiwe «njoo inbox».