Ilimba ya darasani kwa spoku tatu za baiskeli

Karibuni, walimu na wanafunzi. Leo tunatengeneza ilimba ya ndimi tano, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ambayo mwanamuziki hayati Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Ile yenyewe huchongwa kama sanduku lenye uwazi ndani. Hii yetu ni ya ubao tu, usio na uwazi, watoto wa darasa la tano wanaiweza.

Tafuta ubao wa msonobari wa sentimita 20 kwa 12, unene sentimita 2. Spoku kuukuu zinafaa kabisa, mwulize fundi baiskeli wa karibu. Ongeza vipande viwili vya nondo ya milimita 6, kila kimoja sentimita 10, kipande cha mninga cha sentimita 10 kwa 1 kwa 1, na skrubu nne za inchi moja na robo.

Kata spoku upate vipande vitano vya sentimita 13, hizo ndizo ndimi. Weka ncha juu ya chuma kizito, ponda sentimita 4 za mwisho mpaka zilale bapa, kisha lainisha kingo kwa tupa zisikate kidole gumba. Anayeponda avae miwani ya kazi. Ponda chuma kikiwa baridi! Wapo wanaokipitisha kwenye mkaa kwanza ili kilainike. Kitalainika kweli, na hapo ndipo ala inapoharibika: ulimi ukiubonyeza unapinda moja kwa moja, na sauti inafifia.

Sasa ubao. Pima sentimita 5 kutoka ukingo wa nyuma, chora mstari. Pima nyingine tatu na nusu mbele yake, chora wa pili. Pitisha msumeno kwenye kila mstari, kina milimita 2, panua kidogo, laza nondo humo. Nondo isiyokaa kwenye mfereji hubiringika, na sauti itahama kila mtoto akipiga.

Toboa mninga matundu manne kabla ya kufunga, maana ukilazimisha skrubu utapasuka: mawili miishoni, na moja kila upande wa ulimi wa katikati. Panga ndimi juu ya nondo, zikiachana sentimita moja na nusu, laza mninga juu yake katikati ya nondo mbili, kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu.

Pima kutoka nondo ya mbele hadi ncha. Ulimi wa katikati uwe sentimita 7, wa kushoto kwake 6.6, wa kulia 6.3, wa mwisho kushoto 5.7, wa mwisho kulia 5.4. Hapo utakaribia do, re, mi, so, la. Utakaribia tu, kwa sababu hakuna ndimi mbili zilizopondwa sawasawa. Kinachobaki ni sikio: gonga ulimi urudi nyuma, sauti inapanda, uvute mbele, inashuka.

Mwalimu, tafadhali hapa mwachie mtoto nyundo. Ukimsawazishia wewe, atapata ala lakini somo la sauti litakuwa limempita.

Waandike makisio ubaoni: ulimi wa sentimita 7 ukifupishwa hadi 3.5, mtetemo utaongezeka mara ngapi? Wengi watasema mara mbili. Ni mara nne, yaani oktavu mbili (kutoka do hadi do ya juu, mara mbili), kwa kuwa kasi ya mtetemo wa ulimi hubadilika kinyume na kipeo cha pili cha urefu wake. Kisha piga ilimba ukiwa umeishika hewani, halafu uikandamize juu ya dawati. Darasa zima litasikia, kwa sababu mbao za dawati nazo zinatetema.

Ukitaka ule mkwaruzo wa ilimba, pigilia vizibo viwili vya soda mbele ya ndimi. Tundu la kizibo liwe kubwa kuliko msumari, na msumari usizame wote, la sivyo kizibo kinabanwa na kunyamaza.

Kuanzia Juni hewa ya Dodoma hukausha mbao, mninga unasinyaa na ndimi zinalegea. Ukisikia sauti ya ulimi inafifia, anza na bisibisi kabla hujagusa urefu.