Kebo ya 1858: nani aliiua?

SALUM: Karibuni tena. Leo tunazama Atlantiki. Dada Rehema, tarehe 5 Agosti 1858 kebo ya telegrafu imefika nchi kavu pande zote mbili: Valentia kule Ireland na Trinity Bay kule Newfoundland, Amerika Kaskazini. Shangwe kila mahali. Wiki tatu hivi baadaye, kimya. Iliuawa na bahari?

REHEMA: Bahari inasingiziwa tu. Kebo ile ilikuwa mgonjwa hata kabla ya kulowa. Ndani ilikuwa na nyaya 7 za shaba nyekundu zilizosokotwa pamoja, kama kilo 48 tu kwa kila maili ya baharini. Juu yake tabaka 3 za gutapecha, ngozi ya kuzuia umeme usivuje, halafu nje nyaya za chuma.

SALUM: Gutapecha ndiyo nini, kwa asiyeijua?

REHEMA: Utomvu wa miti ya Malaya. Ukiutia kwenye maji moto unalainika kama donge la chapati, ukipoa unakauka na kushika umbo. Chini ya bahari kwenye baridi hauna neno. Jua ndilo linaloumaliza. Sasa sehemu ya kebo ile iliachwa nje juani pale Greenwich, London. Gutapecha ikalegea, shaba ikahama katikati na kuegemea upande mmoja, kwa hiyo upande huo ngozi ikabaki nyembamba mno.

SALUM: Na nusu mbili zilitengenezwa na viwanda viwili tofauti.

REHEMA: Kimoja kilisokota kulia, kingine kushoto! Ziunge kamba mbili za namna hiyo, kisha zining'inize uzito: kila moja inaifungua mwenzake. Kiungo ikabidi kifungiwe kwenye ubao ndipo kishushwe majini. Uzembe wa ofisini huo, wala si wa baharini.

SALUM: Haya, mtaje muuaji.

REHEMA: Wildman Whitehouse. Alikuwa daktari wa upasuaji, ndiye kampuni ikamfanya mkuu wa umeme. Ishara zilipofika hafifu, akaona dawa ni kusukuma kwa nguvu zaidi. Akafunga koili kubwa, yaani nyaya zilizoviringwa, zilizotoa karibu volti 2,000. Pale ngozi ilipokuwa nyembamba, umeme ukatoboa ukaingia majini. Basi.

SALUM: Lakini hata kabla haijafa ilikuwa ikijikongoja. Salamu za Malkia Victoria wa Uingereza kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16. Dakika 10 kwa neno moja!

REHEMA: Chukua mpira wa maji ulio laini na mrefu sana. Fungua bomba: mpira unavimba kwanza, ndipo maji yatoke kule mwisho. Funga bomba: maji yanaendelea kuchuruzika. Kebo nayo inavimba hivyo kwa umeme. Herufi zilitumwa kwa nukta na mistari; ukituma nukta ya pili upesi, inaikuta ya kwanza bado inachuruzika, na karani wa ng'ambo haoni ishara mbili, anaona uji. Mwanafizikia William Thomson alishalipigia hesabu jambo hili: urefu ukizidi mara 2, ucheleweshaji unazidi mara 4.

SALUM: Kwa hiyo kuongeza volti...

REHEMA: Ni kuuvimbisha mpira zaidi. Dawa ni shaba nene, gutapecha nene, na umeme mdogo. Kebo ya 1866 ilikuwa na shaba kilo 136 kwa maili, karibu mara 3, na gutapecha kilo 181. Ndani ya meli ya Great Eastern ilikaa kwenye matangi ya maji, jua lisiione. Tarehe 27 Julai ikatua Heart's Content, Newfoundland.

SALUM: Umeme mdogo huo unasomwaje?

REHEMA: Kioo kidogo sana, nyuma yake kimegandishwa visumaku, kinaning'inia kwa uzi wa hariri ndani ya koili. Taa inakimulika. Umeme ukipita, kioo kinageuka kidogo tu, lakini doa la mwanga kwenye kipimo linaruka: kushoto nukta, kulia mstari. Maneno 8 kwa dakika.

SALUM: Na ile kebo ya 1865, iliyokatika ikilazwa na kuzama?

REHEMA: Iliopolewa kwa kulabu kutoka kina cha pima 2,000 hivi, baada ya kukosa mara nyingi, ikaungwa. Kisha mhandisi Latimer Clark akaagiza zote mbili ziunganishwe kule Newfoundland, akatuma ishara kutoka Valentia, ikaenda ikarudi. Betri yake? Kastabini ya fedha, kipande cha zinki na matone ya asidi.

SALUM: Kastabini ya mshonaji! Whitehouse sijui alisemaje.

REHEMA: Tuje kwetu. Habari za vita vya Isandlwana, Wazulu walipowashinda Waingereza tarehe 22 Januari 1879, zilifika London tarehe 11 Februari, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na kebo. Mwaka huohuo ikalazwa kutoka Aden, ikapitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Mombasa ikaungwa na Zanzibar mwaka 1890.

SALUM: Na bahari ya joto ina mambo yake.

REHEMA: Wadudu wanaotoboa mbao za majahazi hutoboa na gutapecha. Tundu moja dogo, maji yanaigusa shaba, laini imekwenda. Mafundi wakaja kuviringisha utepe mwembamba wa shaba nyeupe juu ya gutapecha, mzunguko ukilalia mzunguko, kabla ya kuvika chuma.

SALUM: Kumbe kebo nayo ilipakwa deheni, kama mafuta ya kukinga jahazi.

REHEMA: Deheni hupakwa upya kila msimu, Salum. Utepe huo ukishashuka pima 1,000, nani atakwenda kuupaka?