Trinidad si Trinidadi: kuifundisha fuga ya Toch isiyoimbwa

Walimu wenzangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: Fuga ya Jiografia ya mtunzi wa muziki Ernst Toch si kichekesho cha kufungia tamasha. Ni fuga kamili ya sauti nne, yaani kila sauti huingia kwa zamu na wazo lile lile, ila hakuna anayeimba. Wanatamka tu, kwa mdundo ulioandikwa. Teno anaanza, "Trinidad!", kisha mto Mississippi, mji wa Honolulu, ziwa Titicaca, na kwamba volkano Popocatepetl haiko Kanada bali Meksiko. Alto anaingia na maneno yale yale, halafu soprano, mwisho besi. Utasema muziki uko wapi kama hakuna tuni? Uko kwenye mdundo, kwenye irabu, kwenye nguvu ya sauti. Na watu wanacheka kwa sababu majina ya darasa la jiografia yamefungwa kwa kanuni kali za fuga. Waimbaji wakianza kutoa macho na kujichekesha, kicheko cha wasikilizaji kinakufa hapo hapo.

Tatizo letu sisi ni mkazo, na hapa nitakaa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mississippi, Honolulu, Titicaca: silabi nne nne, mkazo kwenye ya tatu. Hizo kwetu ni mteremko. Sasa njoo kwenye Canada, Málaga, Rimini, Brindisi. Silabi tatu tatu, zote mkazo kwenye ya kwanza, na ndiyo maana Toch akazipanga tatu kwa pigo moja. Kwaya zetu husema Ka-NA-da, Ma-LA-ga. Mkazo ukishahama, pigo linahama nalo, na baada ya mistari miwili sauti nne zimepotezana. Halafu kuna "Trinidadi". Irabu moja ya nyongeza, silabi ya nne, na aliyepaswa kuingia amechelewa. D ya mwisho ikatwe kwa ulimi, mdomo usifunguke tena.

Kuna wanaotaka tuweke majina ya kwetu. Sawa, Bagamoyo na Morogoro zitakaa vizuri pa Mississippi na Honolulu. Lakini nani atanipa miji minne yetu ya silabi tatu yenye mkazo mwanzoni? Mombasa haifai, Arusha haifai. Lugha yenyewe inakataa.

Basi mfundishe hivi. Kwaya nzima iseme sehemu ya teno kwa pamoja, mapigo 60 kwa dakika, ikipiga kofi kwenye kila pigo. Kisha kwa mnong'ono, maana mnong'ono hufichua konsonanti zilizomezwa. Ndipo mgawane sauti. Besi akiingia, wale watatu washushe mara moja, la sivyo "Trinidad" yake haisikiki na fuga imekosa mguu wa nne. Kasi iwe ya mwisho kabisa kuongezwa.

Historia kwa ufupi, muda umetubana: fuga hii ilisikika kwanza Berlin, 1930, katika tamasha la muziki mpya, sauti zilirekodiwa kwenye santuri na kuchezwa kwa kasi zaidi. Kwa Kijerumani neno la kwanza lilikuwa Ratibor, jina la mji. Toch alikimbia Ujerumani mwaka 1933, akatunga simfonia saba (kazi kubwa za okestra), ya tatu ikapata tuzo ya Pulitzer ya Marekani 1956. Valse, kazi yake nyingine ya kutamkwa, tuiache kwa siku nyingine.

Simameni. Teno mje kushoto kwangu. Bila kupaza, kofi kwenye silabi ya kwanza: KA-na-da.