Mutoto ya imbwa anahara, anapona, anahara tena

NSIMIRE: Karibuni tena, tuko Bukavu, mvua iko nanyesha ku mabati, mukisikia makelele ni yenyewe. Niko na Cito. Kuna mama moja wa mutaa ya Panzi ametutumia odio, iko na mutoto ya imbwa wa miezi tatu, anahara, akimupa muchele na kuku anapona, akirudia krokete, ile chakula kavu ya imbwa ya kununua, anahara tena, inaenda vile tu tangu alimuleta ku nyumba. Anauliza anunue krokete gani.

CITO: Yaya, mie mbele ya krokete naulizaka kwanza: mu ile parsele ni batu ngapi banamulisha?

NSIMIRE: (anacheka) Eee, hapo umegusa.

CITO: Njo vile! Mama anapika muchele asubuyi, muzuri, bila chumvi, halafu mutoto anatoka ku masomo anamutupia mukate, shangazi anamwaga bugali yenye ilibakia na supu yake, zamu, mulinzi wa usiku, naye anamuhurumia anamupa mifupa ya kuku, kesho tumbo inaharibika batu banasema ni krokete. Krokete gani sasa? Huwezi jua kitu yenye inamuumiza kama kila mutu anamupa yake.

NSIMIRE: Na ile supu iko na kitunguu, mafuta, kube, chumvi. Kitunguu hata ukiipika namna gani inaharibu damu ya imbwa, kitunguu saumu pia. Na mifupa yenye imepikwa inavunjika inakuwa sawa sindano, inaweza toboa matumbo.

CITO: Na maziwa! Batu banafikiri juu ni mutoto basi anahitaji maziwa ya ng'ombe. Imbwa akisha acha kunyonya, tumbo yake haiwezi tena vizuri ile sukari ya maziwa, njo anahara.

NSIMIRE: Lakini Cito, tusikimbie ku chakula mbele ya minyoo. Bana-imbwa bengi banazaliwa nayo, inatoka kwa mama yao mu tumbo, na ingine inapita mu maziwa. Njo maana baveterineri banatoaka dawa ya minyoo kuanzia wiki mbili za kuzaliwa, na kurudia kila wiki mbili mpaka wiki nane hivi. Kama ule wa Panzi hajapewa hata moja, utapika muchele mpaka mwaka iishe. Na ile minyoo inapitia hata bana betu benye banachezea mu udongo.

CITO: Kuna na jiardia, kanyama kadogo sana kenye kanakuwa mu maji chafu, ile yenye dawa moja ya minyoo haimalizi. Inaleta mavi laini, yenye kamasi, leo iko, kesho haiko, kesho kutwa imerudi. Kabisa sawa vile mama anaeleza. Hapo ni kupima mavi tu.

NSIMIRE: Na tafazali, musikimbilie ile dawa ya metronidazole yenye iko mu kila nyumba juu ya amibe, ile kanyama kenye kanaharishaka batu. Inafunga mavi kweli, lakini inaua na bamikrobi bazuri ba tumbo, dawa ikiisha inaanza upya. Hiyo ni ya dokta kuamua, na kipimo inaendana na kilo za imbwa.

CITO: Sawa, tuseme minyoo imetoka, mavi imepimwa, haiko kitu. Sasa chakula.

NSIMIRE: Protini moja, wanga moja, basi. Kuku ya kuchemsha, bila ngozi, bila mufupa, bila chumvi, na muchele yenye imepikwa sana mpaka inakuwa laini. Muchele sehemu mbili, kuku sehemu moja. Unagawanya mara nne kwa siku, kidogo kidogo, juu tumbo yenye inauma haipendi sahani kubwa. Na usimufungishe njaa! Imbwa mukubwa anaweza ruka chakula, lakini huyu mudogo sukari inashuka mbio, anaanza kutetemeka, anaanguka.

CITO: Na boga? Ile ya kuchemsha, kuponda, kijiko moja mu sahani, nyuzi yake inasaidia kukamata mavi.

NSIMIRE: Inasaidia, ndiyo. Mie shida yangu ni batu benye banaona muchele na kuku imefanya kazi banabakia pale miezi. Ule mutoto iko najenga mifupa, na kuku na muchele haina kalsiamu ya kutosha, atakuja kuwa na miguu ya kupinda. Ni chakula ya siku chache, halafu unatoka polepole.

CITO: Na kutoka njo kwenye batu banaanguka! Mavi imekuwa nguvu leo, kesho banamujazia krokete sahani nzima. Ile mama wa Panzi mie nafikiri shida yake iko pale tu, hata kama krokete ni nzuri. Unaanza robo ya krokete, robo tatu ya muchele, unabakia siku mbili tatu, mavi ikiwa sawa unaenda nusu, tena robo tatu, inakuchukua siku saba mpaka kumi. Ikilegea unarudi nyuma hatua moja, usianze tena mwanzo.

NSIMIRE: Na krokete ya bana-imbwa, iandikwe ni ya bana-imbwa, haiko ile ya bakubwa. Mukiuziwa ya kupima na kikombe ku soko, munuse, ikinuka mafuta ya zamani muiache.

CITO: Na mwenye hana feza ya krokete?

NSIMIRE: Tuko na sambaza, ile samaki midogo ya Ziwa Kivu, yaani ziwa yetu inatulisha sisi na baimbwa! Ile mabichi, unaipika, unamupa nzima, mifupa yake ni midogo laini, inaleta kalsiamu kidogo. Ile ya kukausha ya chumvi hapana. Lakini chakula ya nyumba ya kila siku, muongee na veterineri, juu kupima bizuri kwa mutoto ni ngumu.

CITO: Tuseme na yenye haingojeki. Anatapika, mavi iko na damu na inanuka vibaya sana, hataki kula, amelala tu, na hajapata vaksini: hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa ya virusi yenye inaua bana-imbwa. Usipike muchele, usingoje asubuyi, mupeleke kwa veterineri. Mukamate ngozi ya mugongo, uivute, ukiachilia inarudi polepole, maji imemuishia mu mwili.

NSIMIRE: Na ukienda, beba mavi ya leo mu kikopo safi yenye kifuniko, haiko ya juzi yenye imekaukia ku jua. Andika na kila kitu alikula wiki hii. Yote, na mukate ya mutoto, na mifupa ya zamu.

CITO: Zamu atakataa.

NSIMIRE: Atakataa, lakini umuulize mbele ya imbwa, utaona mukia.