Amana ya Mtu Asiyekuwepo

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, watendaji, na nyinyi mnaojitolea bila kulipwa, asanteni kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie uchangishaji wa fedha. Nitafika huko, ila naomba tupitie kwanza mahali ambapo wachangishaji wengi hawapendi kukanyaga: chumba cha mhasibu.

Nina sababu. Miaka ya nyuma niliitwa na shirika moja lililolalamika kwamba wachangiaji wake wamechoka. Walitaka niwaandikie barua mpya ya kuomba. Nikasema sawa, lakini nionyesheni kwanza stakabadhi za miezi mitatu iliyopita. Nusu yake hazikuwa zimetumwa. Zilichapwa, zikakunjwa vizuri, zikakaa kwenye boksi chini ya meza zikimsubiri mkurugenzi aliyekuwa safarini aje kutia saini. Uchovu gani huo? Mtu katoa fedha zake, kangoja hata neno la "zimefika", hakulipata, akaenda zake.

Lugha yetu ina neno linalotufaa hapa kuliko istilahi zote za kitaalamu: amana. Ukiwekewa amana, kitu kiko mkononi mwako lakini hakijawa chako, tena kimekuja na maagizo. Aliyetoa kwa ajili ya kisima ametoa kwa ajili ya kisima. Kwenye vitabu vyetu tunaziita "fedha zenye masharti", na nadhani jina hilo limetuharibu kidogo, maana linatufanya tuyaone maagizo ya mwenye mali kama usumbufu.

Nitawapa matukio mawili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulifungua mfuko maalumu ulioitwa Liberty Fund. Watu walichanga zaidi ya dola milioni 500. Kisha ikajulikana kwamba sehemu ya fedha hizo ilikuwa imepangiwa kazi nyingine, zikiwemo akiba ya damu na maandalizi ya majanga yajayo. Angalieni vizuri: hakuna aliyeshitakiwa kuiba, na kazi zenyewe zilikuwa za maana. Lakini mchangiaji alipotoa alikuwa anawawazia wafiwa, hakuwa anawazia majokofu ya damu. Hasira zikapanda. Oktoba, katikati ya misukosuko hiyo, rais wa shirika, Bernadine Healy, alitangaza kujiuzulu. Novemba viongozi wakahojiwa bungeni, na muda si muda shirika likatangaza kwamba mfuko wote utakwenda kwa waathirika na familia zao.

Tukio la pili ni la tsunami ya Bahari ya Hindi, Desemba 26, 2004. Dunia nzima inachanga. Siku chache baadaye Madaktari Wasio na Mipaka wakasema: kwa kazi tuliyopanga kuifanya huko, fedha zimetosha, msitutumie tena kwa ajili ya tsunami. Nawaona mnacheka. Kukataa fedha! Hata mashirika mengine yaliwanunia. Kisha wakawaandikia waliokwisha kutoa, wakiwaomba ruhusa ya kuhamishia ziada kwenye dharura nyingine. Walio wengi sana wakakubali.

Fedha kuhamishiwa kazi nyingine, kote kuwili. Huku iliamuliwa ofisini, kule waliulizwa wenyewe.

Sasa twendeni kwa mhasibu. Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mjumbe wa bodi aidai kila mwezi, na haihitaji shahada. Jumlisha fedha zote zilizotolewa kwa kazi maalumu na bado hazijatumika. Kisha tazama salio la benki. Tuseme kisima kimebakiwa na milioni saba, vitabu vya watoto milioni tano. Jumla kumi na mbili. Benki kuna kumi. Basi mbili mmeshazila, pengine kwa mishahara au kodi ya ofisi, na inawezekana hakuna hata mmoja aliyekaa akaamua kuzila. Zinapungua kimyakimya kwa sababu fedha zote zimo kwenye akaunti moja na daftari halizitenganishi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa iliyoisha ni mali ya mtu.

Mambo mengine mnayajua: anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, wala ndiye anayeandika vitabu. "Sisi tuko wawili tu ofisini." Sawa. Basi mweka hazina wa bodi apokee taarifa ya benki moja kwa moja kutoka benki, aipitie mwenyewe.

Mtaniuliza, daftari hilo nani atalilipia, ikiwa mfadhili hataki kusikia gharama za uendeshaji? Hili limetutesa sote. Tunaficha mshahara wa mhasibu ndani ya "mafunzo ya jamii" ili asilimia ya gharama hizo ipendeze. Mfadhili akizoea asilimia ya uongo, mwakani anadai ndogo zaidi. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa na tathmini za mashirika, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi kwamba asilimia ya gharama za ofisi, ikitumiwa peke yake, ni kipimo kibovu cha shirika. Msimficheni mhasibu. Semeni: sehemu hii ya mchango wako inamlipa mtu anayehakikisha nyingine haipotei.

Uchangishaji sasa, nilioahidi. Mwaka 1885 kulikosekana fedha za kumalizia jukwaa la Sanamu ya Uhuru, New York. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World, akaahidi kuchapa jina la kila mchangiaji, hata aliyetoa senti. Kwa takriban miezi mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakitoa chini ya dola moja. Wengine husifu ufundi wa matangazo yake. Mimi naona gazeti lililogeuzwa kitabu cha stakabadhi, kinachosomwa na mji mzima.

Naona mkono kule nyuma. Unauliza, mradi ukishindwa tuwaambie? Ndiyo, tena kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Iwe barua fupi: zimetumika kiasi gani, tumekwama wapi, zimebaki ngapi. Halafu ulizeni zilizobaki zifanyiwe nini, na muache nafasi ya jibu. Wapo watakaotaka kurudishiwa. Warudishieni wiki hiyo hiyo, pamoja na stakabadhi.